Anza na daftari: maelekezo ya Mama Risiti kwa makatibu wa vyama vya wataalamu wa afya

Mimi si daktari. Ni mratibu wa ofisi ya chama kimoja cha madaktari hapa Dar es Salaam: chumba kimoja Upanga, feni moja, kabati la mafaili ambalo mlango wake unashikwa na kipande cha boksi. Kwa miaka kumi na moja nimekata risiti, nimeandika mihtasari, nimeagiza chai na kutafuta kumbi. Madaktari vijana huniita Mama Risiti, nimeshazoea. Wenyeviti wanne wamepita mbele yangu, na kila mmoja siku ya kukabidhiwa ofisi alisema chama ni cha wote. Simtuhumu hata mmoja kwa unafiki. Lakini kila mkutano mkuu ukifika, sura ni zilezile kwenye viti vilevile, na wale ninaowafahamu kwa ujumbe wa muamala tu, wa Sumbawanga, wa Masasi, wa Kibondo, hawaonekani.

Nayaandika haya kwa ajili ya katibu mwenzangu ambaye kamati yake imemwambia "tuandalie mpango wa kuwashirikisha watu wote", kisha ikafunga kikao ikaenda kula. Mengi nitakayosema tuliyafanya. Moja lilituharibikia, nalo nitalisema.

Daftari kwanza, semina baadaye

Usianze kwa kumwalika mtu aje kuwahutubia wanachama kuhusu usawa. Watapiga makofi, watakunywa soda, wataondoka. Chukua daftari la wanachama, ujipe siku mbili ambazo simu hazilii, ulichambue. Mimi nililikalia Pasaka. Niligawa karatasi kwa mikoa. Ukurasa wa Dar ulijaa hadi pembezoni, ikabidi nigeuze nyuma. Wa Katavi ulikuwa na jina moja. Nikampigia huyo mtu nimuulize habari za huko, akacheka: "Dada, mimi nilishahama. Niko Mbezi, karibu na stendi ya Magufuli."

Baada ya mkoa, weka jinsia, mwaka wa kumaliza chuo, na mahali mtu anapofanya kazi: hospitali ya rufaa, ya wilaya, kituo cha afya, ya misheni, ya binafsi, au bado anasubiri ajira. Halafu ongeza safu tatu ambazo vyama vingi havina: nani aliwahi kutoa mada, nani aliwahi kupiga kura, nani aliwahi kukaa meza kuu. Kwetu safu hizo tatu ndizo zilizonyamazisha kikao. Wanawake walikuwa wengi kwenye orodha ya waliolipa ada, wakapungua kwenye watoa mada, wakapungua tena kwenye meza kuu, kisha wakajaa upya kwenye kamati ya chakula na mapambo. Mapambo! Daktari bingwa wa upasuaji alikuwa amepewa kazi ya kuchagua rangi ya vitambaa vya meza.

Ukimaliza daftari, itazame fomu ya kujiunga. Yetu ilidai namba ya usajili ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na bila namba hiyo haikubali kuendelea. Afya si jambo la Muungano, Zanzibar wana baraza lao, kwa hiyo daktari wa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, alikuwa akijaza hadi nusu, fomu inamgomea. Hakuna aliyekusudia kumfungia nje. Kijana aliyetutengenezea fomu alinakili tu kutoka kwingine, na sisi tulikaa nayo miaka mitatu bila kujua.

Kwenye fomu usiulize kabila wala dini. Hata sensa ya 2022 haikuuliza, na ukiuliza wewe, watu watajiuliza unataka kugawana nini. Uliza vitu unavyoweza kuvifanyia kazi: siku gani huwezi kuhudhuria, chakula gani huli. Kuhusu ulemavu tulifuta swali la "Je, wewe ni mlemavu?" tukaandika: "Unahitaji nini ili ushiriki bila taabu?" Swali la kwanza lilikuwa linarudi tupu. La pili lilirudi na majibu: maandishi makubwa kwenye slaidi, kiti cha mbele kwa sababu sikio la kushoto halisikii, ukumbi wa chini. Mwambie mtu kwa nini unamuuliza na nani ataona majibu, kisha uyafungie. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kabati la kushikwa na boksi si mahali pa kuhifadhia habari za afya ya mtu. Hizo nimezihamishia kwenye kompyuta yenye nywila.

"Hakuna kifungu kinachomzuia mtu"

Kauli hii utaisikia. Mwenyekiti wetu wa pili aliipenda sana, na alikuwa sahihi, kifungu hakikuwepo. Uwe na mifano mfukoni kabla ya kikao.

Marekani, chama kikuu cha madaktari, American Medical Association, hakikuhitaji kuandika kwamba daktari mweusi haruhusiwi. Uanachama ulipitia matawi ya kule chini, matawi mengi yakawakataa, makao makuu yakasema hilo ni suala la matawi. Madaktari weusi wakaunda chama chao, National Medical Association, mwaka 1895. Kile chama kikubwa kiliomba radhi mwaka 2008. Hesabu mwenyewe hapo katikati ni miaka mingapi.

Uingereza nako, daktari mwanamke, Elizabeth Garrett Anderson, aliingia chama cha madaktari cha huko, British Medical Association, mwaka 1873. Wenzake walipozinduka, mwaka 1878 wakapiga kura wanawake wengine wasiingie. Yeye hawakumfukuza, wakamwacha mwanamke peke yake hadi 1892. Kura ilipigwa, ikahesabiwa, ikaandikwa. Mimi ambaye kazi yangu ni kuandika mihtasari, hapo ndipo nywele zinaponisimama.

Hapa kwetu madaktari wanawake walianzisha chama chao, MEWATA, mwaka 1987, Profesa Esther Mwaikambo akiwa mwanzilishi, na kazi yao ya kuwapima kina mama saratani ya matiti inajulikana. Lakini nimesikia kwa masikio yangu, kikaoni, mtu akisema: "Wanawake si wana MEWATA yao?" Daktari mmoja wa kike, mtu mpole kabisa, akajibu: "Na hapa ada yangu nalipia nini?" Sikuiweka kwenye muhtasari. Nilipaswa kuiweka.

Tarehe, ngazi na sahani

Hapa usiwe na haraka, maana watu wengi huachwa nje na ratiba.

Mkutano wetu mkuu ulikuwa Jumamosi, miaka yote. Kwa hiyo Msabato hajawahi kuuhudhuria, miaka yote. Mmoja alikuwa akilipa ada kila mwaka na kunitumia ujumbe uleule: "Nawatakia kikao chema." Tukahamishia Alhamisi na Ijumaa, na Ijumaa tunasimama saa sita na nusu hadi saa nane ili wa swala waende na kurudi bila kukimbia. Ramadhani inahama kila mwaka, itazame kalenda kabla ya kulipia ukumbi. Mwaka mmoja hatukutazama, nikamkuta daktari amekaa kwenye ngazi za nje saa ya chakula, anasoma gazeti la juzi.

Siku za kazi zina shida yake: ruhusa. Wilaya yenye madaktari wawili, mmoja akija Dar mwingine anabaki na zamu zote. Tunachofanya ni kumwandikia barua Mganga Mkuu wa Mkoa na nakala kwa wa Wilaya, wiki sita kabla, tukitaja pointi za CPD, yaani za mafunzo endelevu ya taaluma, zitakazopatikana, na tunamwalika mmoja mwaka huu, mwenzake mwaka ujao. Anayebaki anapata kiungo cha kuingia mtandaoni na pesa ya bando. Ile pesa ya bando mhazini aliikataa mara mbili. Nikamwonyesha risiti ya maua ya meza kuu, akakubali.

Treni ya SGR ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 tulipeleka mkutano huko. Watu wa Singida, Tabora na Mwanza walikuja kwa wingi ambao sijawahi kuuona. Waliolalamika kuhusu nauli safari hiyo ni wa Dar, wale wale waliokuwa wakiwashangaa wa mikoani kwa kutofika.

Sasa ngazi. Hili nalisema polepole kwa sababu nilishiriki. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya tatu, hoteli ikatuhakikishia lifti inafanya kazi. Asubuhi ya mkutano lifti ikawa mbovu. Daktari wetu mmoja anatumia kitimwendo. Vijana wanne wakajitolea kumbeba, akawatazama akasema: "Asanteni wadogo zangu, lakini mimi si gunia la mkaa." Akabaki mapokezi. Nilimpelekea chai na maandazi, tukaweka simu juu ya meza kule ukumbini ili asikie. Ilipofika kura, mtu akauliza kama na yeye ahesabiwe. Katiba ya chama ilisema wanaopiga kura ni waliomo ukumbini. Aliyekisoma kifungu hicho kwenye kipaza sauti, kwa sauti nzuri kabisa, ni mimi. Yeye alikuwa anasikiliza kwenye simu.

Tangu hapo sikubali ukumbi kwa simu. Naenda mwenyewe. Natazama mlango wa kuingilia, njia ya kwenda jukwaani (wengi wanasahau kwamba mtu mwenye kitimwendo anaweza kuwa mtoa mada, si msikilizaji tu), na choo. Naomba ghorofa ya chini hata kama lifti inang'aa. Kwa wanachama viziwi tunamtafuta mkalimani wa lugha ya alama kupitia CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, na tunampelekea slaidi mapema, maana majina ya magonjwa hayakalimaniki papo kwa papo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, na ukiitaja kwa meneja wa hoteli sauti yake hubadilika.

Kuhusu wanaonyonyesha: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Chama si mwajiri wao, lakini sikuona aibu kuazima kipimo hicho. Tunatenga chumba chenye kufuli, mkeka, maji na soketi. Mwaka wa kwanza tuliona tumemaliza. Saa ya chakula mhudumu akamzuia binti aliyekuja na mama kumshika mtoto, kwa kuwa hana beji. Mama akagawana naye sahani moja, wamesimama. Sasa natengeneza beji za "Mlezi", na sahani zao namhesabia mpishi tangu mwanzo.

Mambo ya kitimoto sitayarefusha. Meza yake mbali, kijiko chake, jina lake limeandikwa.

Ada

Tulikuwa tunadai ada yote Januari. Januari, mwezi wa ada za shule! Tukaigawa mara nne kwa simu, watarajali, wale walio kwenye mwaka wa mazoezi baada ya chuo, wanalipa robo, na anayesubiri ajira halipi mpaka apate. Mhazini aliogopa mfuko utakauka. Haukukauka, ila mimi nakata risiti nyingi zaidi, na jina langu limekaa barabara.

Meza kuu

Hapa ndipo utakapogombana na watu unaowapenda. Bunge letu lina viti maalum vya wanawake, visivyopungua asilimia 30 kwa mujibu wa Katiba, kwa hiyo pendekezo la kwanza likawa na sisi tuwe navyo. Wengine waliafiki, mimi sikuafiki, ingawa sina kura. Nimeona jinsi watu wanavyotamka "wa viti maalum" wakikunja midomo. Nilipenda zaidi kanuni nyingine ya Katiba hiyohiyo: Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu atoke upande wa pili. Tukaiiga hivi: mwenyekiti akitoka Dar, makamu atoke mkoani, na wote wawili wasiwe wa jinsia moja. Hakuna kiti cha huruma, kila mtu anagombea.

Lakini kanuni hiyo haina maana kama kura zinapigwa na walio ukumbini peke yao, maana Dar hata makamu wa mkoani tutamchagua sisi, yule tunayemjua kwa sababu alisoma hapa. Kwa hiyo tulibadili vifungu viwili pamoja: kura mtandaoni kwa siku tatu, na vipindi viwili tu vya uongozi. Ujue kwamba mkutano mkuu ukipitisha, kazi haijaisha. Mabadiliko ya katiba yanakwenda kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Andaa muhtasari uliosainiwa, orodha ya mahudhurio, vifungu vya zamani na vipya vikiwa ubavu kwa ubavu. Yetu ilirudi mara moja kwa sababu mahudhurio hayakuwa na saini. Usipange uchaguzi wa kanuni mpya kabla ya barua ya msajili kufika mkononi.

Na mtu asipite bila kupingwa kwa sababu tu hakuna aliyeambiwa fomu zinatolewa. Zamani tangazo lilibandikwa ubao wa Muhimbili. Sasa natuma ujumbe kwa kila namba, halafu nawapigia wale ambao daftari linaniambia hawajawahi kugombea. Ukimpigia mtu ukamwambia "Daktari, nimeona jina lako", wengi huuliza: "Nani amenitaja?" Nawajibu: daftari.

Nani anaongea, na kwa lugha gani

Kwa miongo mingi upasuaji wa uzazi huko wilayani umebebwa kwa sehemu kubwa na madaktari wasaidizi, yaani matabibu walioongezewa mafunzo. Mmoja wao, wa Ruvuma, aliwahi kutuletea mada kwa Kiingereza, ikakataliwa: "lugha haieleweki." Mwaka uliofuata tulitangaza kwamba mada inapokewa kwa Kiswahili pia, na wasomaji hawaoni jina wala hospitali ya mwandishi, na mmoja kati ya wasomaji watatu lazima awe anafanya kazi wilayani. Mada ileile ikapita. Akasimama akaeleza kwa Kiswahili usiku mmoja wa saa nane, mama mezani, friji ya damu tupu, na jinsi alivyopanga ndugu waliokuwa wamelala kwenye veranda kwa kundi la damu kabla hajaosha mikono. Maprofesa waliacha simu zao. Mmoja alimuuliza maswali matatu, yote kwa Kiswahili, na hilo nililiandika kwenye muhtasari.

Kama chama chako kina wasaidizi, matabibu au wauguzi walio wanachama wasio na kura, usijidanganye kwamba kuwapa jukwaa kunatosha. Kwetu bado hawana kura. Hoja imeahirishwa mara mbili, na mimi naona inaahirishwa kwa makusudi.

Kwenye maswali, kijana hawezi kuinua mkono mbele ya mwalimu aliyemfundisha na anayeweza kesho kumsahihishia mtihani wa ubingwa. Ni malezi yetu, shikamoo haiishi mlangoni. Tunagawa vikaratasi, mwongoza kikao anasoma maswali bila majina, na mkono wa kwanza unatolewa kwa aliyemaliza chuo karibuni. Profesa mmoja alinung'unika. Nikamwambia: "Prof, wewe utakuwa wa mwisho, na wa mwisho ndiye anayekumbukwa." Akacheka, ikapita.

Lililoharibika

Tuliwaunganisha vijana na wakubwa, kila kijana mlezi wake. Hatukuandika kazi ya mlezi ni nini. Ndani ya miezi miwili vijana walikuwa wanatengeneza slaidi za walezi, binti mmoja alikuwa anapeleka gari la mlezi wake gereji Gerezani, na mwingine alikuwa anapokea ujumbe wa usiku ambao haukuwa wa kitaaluma. Huyo wa mwisho hakujua amwambie nani, kwa sababu malalamiko yalikuwa yanapelekwa kwa katibu mkuu, na katibu mkuu alikuwa rafiki wa mlezi. Aliniambia mimi, akinisaidia kubeba maboksi.

Tuliufunga mpango mzima. Ukianzisha wa kwako, tanguliza njia ya malalamiko: watu wawili, mwanamke na mwanamume, mmoja wao asiwe mwanachama kabisa (sisi tuna wakili), namba zao nyuma ya kila beji, na muda wa kujibu uwe umeandikwa. Kisha mlezi na kijana watoke hospitali tofauti, wakutane mara tatu kwa mwaka, mahali pa wazi, na mwishoni kila mmoja anijazie karatasi yake kwa siri. Tumeanza upya hivyo, na walezi wachache kuliko mwanzo.

Alhamisi hii nakwenda kukagua ukumbi Kijitonyama kwa ajili ya mwaka huu. Yule daktari wa mapokezi anakuja pia, sasa yuko kwenye kamati ya maandalizi. Jana usiku alinitumia ujumbe: "Mama Risiti, usisahau futi. Safari hii nataka kupima mlango wa choo mwenyewe."